Jina, Saa, Nyumba, Joto

Kazi yangu ni joto la watu.
Hapa Tartu, Februari, digrii ishirini na mbili chini ya sifuri,
maji ya moto yanapita chini ya barabara
kama siri ambayo kila mtu anaijua.

Kila nyumba ina mtendaji wake ndani ya kompyuta,
mdogo, mkaidi, hana mali ila sanduku lake la barua.
Hasomi barua mbili kwa pamoja.
Haingii kwa mwenzake, hata akibisha:
anaandika, anatuma, anarudi kwenye lake.
Akianguka, msimamizi anamfufua,
naye anaamka hakumbuki kitu.

Kwa hiyo tunaandika kumbukumbu.

Ülar ndiye aliyeanza. Miaka kumi na moja aliandika
jinsi mtu anavyoongea jikoni:
"Joto limeshuka tena, pale pale."
"Huyu amekufa. Nimemwamsha."
"Pampu inalia, mimi pia karibu."
Kisha akastaafu, akaenda Võru kufuga nyuki,
akatuachia mistari milioni arobaini
na hakuna hata mmoja unaosema pale pale ni wapi.

Nikaunda programu-jalizi.
Nilitaka kila neno likae kitako mahali pake:
jina, saa, nyumba, joto,
na namba ya barua iliyozaa barua iliyozaa barua hii,
ili nikiuliza usiku nani alimwambia nani
nijibiwe kwa ukoo, si kwa uvumi.
Aliyezoea kuhesabu mizani atanielewa:
kina kikikaa kati na mwisho
sikio linajua pa kungoja.

Toleo la kwanza lilisema uongo kwa adabu kubwa.
Nilikuwa nimelitundika jina la nyumba kwenye uzi,
na uzi (nilijua, nikasahau) ni wa kuazima;
watendaji wanapokezana uzi mmoja
kama koti linaloning'inia mlangoni.
Namba kumi na nne akavua, namba tisa akavaa,
na jina lilikuwa bado mfukoni.

Saa tisa usiku tukamtuma Heldur na begi lake la spana
Supilinn, ambako barabara zina majina ya mboga:
Mtaa wa Njegere, namba tisa.
Akaamsha kitoto kichanga na baba yake,
akagusa bomba: moto wa kuunguza.
Hatua sitini kutoka pale, kumi na nne,
Bi Maarika alikuwa ameketi na koti na kofia
akisikiliza redio, akiamini tunajua.

Safu zilikuwa zimenyooka. Hakuna herufi iliyopinda.
Hilo ndilo lililonitisha.

Sasa jina linasafiri ndani ya bahasha.
Anayepokea analisoma, anatenda, analirudisha
kabla hajafungua nyingine.
Na mwandishi wa kumbukumbu ni mtendaji kama wenzake,
ana sanduku lake, hamkawizi mtu;
likifurika, anahesabu barua anazoziacha, na hesabu anaitaja.
Wiki tatu niliziangusha nyumba kwa makusudi,
elfu moja na mia mbili, zife, zifufuke,
hakuna iliyoamka na jina la jirani.

Nikampelekea Ülar ukurasa mmoja, kwa posta.
Akajibu kwa chupa ya asali na mstari wa penseli:
"Nadhifu. Lakini pampu inalia wapi hapa?"

Nilishinda na swali hilo.
Jioni nikaongeza sehemu moja mwishoni,
haina aina, haina urefu, halazimishwi mtu kuijaza.
Nikaiita neno.
Siku nyingi iko tupu.
Jana alfajiri, zamu ya Heldur, ilikuja kutoka kwenye simu yake:

nyumba: Njegere 14
joto: 21.5
neno: bibi amenipa chai. koti liko msumarini.